Utando wa nanotyubu usiokinga mawimbi: dalili, chanzo na tiba

Utando mweusi wa polima yenye kaboni ukishindwa kuzuia mawimbi ya sumakuumeme (kama ya redio), mkono hukimbilia kuongeza kaboni. Mara nyingi kosa haliko hapo. Liko kwenye unene, au namna nanotyubu (mirija midogo mno ya kaboni) zilivyotawanywa, au kwenye kipimo chenyewe, na kaboni ya ziada huishia kuufanya utando uwe mkavu na wa kukatika bila kuongeza kinga ya maana.

Mfano unaotumika hapa ni poliyurethani inayolainika kwa joto (TPU) yenye nanotyubu za kaboni za kuta nyingi, iliyoyeyushwa kwa kiyeyusho cha DMF na kutandazwa kwenye kioo. Mengi yanafaa kwa plastiki ya PVDF pia. PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme yenyewe, ina tabia zake, nazo zimetajwa panapostahili.

Utando wa kulinganishia

Huwezi kutambua ugonjwa bila kuujua mwili mzima. Tengeneza kwanza utando huu mmoja, kisha mingine yote uilinganishe nao.

Kausha punje za TPU kwa nyuzi 80 kwa saa 4, kwa kuwa hunyonya maji ya hewani. Yeyusha gramu 4.5 katika mililita 30 za DMF kwenye nyuzi 65, ukikoroga mpaka isibaki hata punje iliyovimba. Kwenye chombo kingine weka gramu 0.5 za nanotyubu katika mililita 150 za DMF, zamisha ncha ya mashine ya ultrasoniki, na uiendeshe sekunde 5 ikiwaka na 5 ikiwa imezimwa mpaka jumla ya kuwaka ifike dakika 30. Chombo kikae ndani ya barafu muda wote. Mtawanyiko ukiwa tayari, upashe joto hadi ulingane na myeyusho wa TPU, umimine humo taratibu huku ukikoroga, endelea kukoroga saa 4, kisha ondoa DMF kwa kivukizi chenye ombwe mpaka ibaki kama mililita 45. Tandaza kwa kisu chenye pengo la milimita 1 juu ya kioo kilichowekwa sawa kwa pima maji. Kausha kwa nyuzi 70 kwa saa 12, halafu kwenye oveni ya ombwe kwa nyuzi 80 kwa saa 24.

Gramu 5 za yabisi ndani ya mililita 45, kwa msongamano wa karibu 1.2, hukupa unene mkavu wa hadi mikroni 90 hivi. Ukipata mikroni 50, huenda tabaka bichi limetoka jembamba kuliko pengo la kisu, hujaondoa DMF ya kutosha, au kisu kimeegemea upande.

DMF hupenya glavu za nitrile na za mpira wa kawaida kwa muda mfupi, na huumiza ini na uzazi. Vaa za mpira wa butyl, na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Nanotyubu kavu ni vumbi baya zaidi kuliko linavyoonekana: taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza hewa ya kazini isizidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Pima uzito ndani ya kabati hilo, na ukishapima zilowanishe mara moja.

Kipimo cha kwanza: omu kwa mraba

Kabla ya kugusa VNA, mashine inayopima mawimbi yanayopita na yanayorudi, pima ukinzani wa utando kwa sindano nne: mbili za nje hupitisha umeme, mbili za ndani hupima volti. Kwa utando mpana, ukinzani kwa mraba ni 4.53 mara volti gawanya kwa ampea. Kipande kisiwe kidogo: kama kipenyo chake ni mara 10 tu ya nafasi kati ya sindano, kigezo hicho hushuka hadi 4.17, na usipokirekebisha umekosea kwa karibu asilimia 8.

Namba hiyo moja inatabiri kinga. Utando ukiwa mwembamba kuliko kina ambacho wimbi hupenya ndani yake, kinga kwa desibeli ni 20 log (1 + 188.5/R), ambapo R ni omu kwa mraba. Kwa hiyo omu 188 hukupa desibeli 6, omu 21 hukupa 20, omu 6 hukupa 30, na ili ufike 40 unahitaji omu 1.9. Desibeli 20 maana yake ni kwamba asilimia 1 tu ya nguvu inapita. 30 ni sehemu moja ya elfu.

Je, utando wako ni mwembamba kwa maana hiyo? Kwa nyenzo yenye upitishaji umeme wa simensi 100 kwa mita, wimbi la gigahezi 10 hupenya nusu milimita. Kwa simensi 1,000 hupenya milimita 0.16. Utando wa mikroni 90 wenye kaboni asilimia 10 uko salama ndani ya kanuni.

VNA ikikubaliana na kanuni hii, tatizo liko kwenye utando, na kazi yako ni kushusha omu. Zikitofautiana kwa zaidi ya desibeli 3 au 4, tatizo liko kwenye kipimo. Mgawanyo huu pekee huokoa wiki za kutengeneza tando mpya bila sababu.

Dalili: umeme unapita vizuri, lakini kinga ni desibeli 5 au 6

Hii ndiyo dalili inayokatisha watu tamaa kuliko zote, na kwa kawaida utando hauna kosa lolote. Chukua simensi 50 kwa mita, kiwango cha heshima kwa TPU yenye nanotyubu asilimia 10. Kwa unene wa milimita 0.1, hiyo ni omu 200 kwa mraba, yaani desibeli 5.8. Nyenzo hiyohiyo ikiwa na unene wa milimita 0.95 hufika 20. Namba kubwa zinazosomwa kwenye makala za utafiti mara nyingi ni za sampuli za milimita 1 hadi 2, na anayezilinganisha na utando wake wa mikroni 90 analinganisha dau na jahazi.

Unene ukiongezeka maradufu, kinga haipandi zaidi ya desibeli 6 maadamu utando ungali mwembamba. Kwa hiyo hesabu kwanza. Ukiwa na omu 42 na unataka desibeli 20, weka tando mbili pamoja: omu zinashuka hadi 21 na kazi imekwisha. Si lazima tabaka hizo ziguswe kwa umeme, mradi zimelaliana bila pengo kubwa. Wimbi huziona kama moja. Ukiwa na omu 200 na unataka 30, tabaka hazitakufikisha, badilisha kijazo, yaani kile unachochanganya kwenye polima ili ipitishe umeme.

Dalili: multimita haioni kitu, au inaonyesha megaomu

Anza na mguso. Ncha za multimita zikigusa utando mkavu husoma ukinzani wa mguso kuliko wa utando. Paka mistari miwili ya gundi ya fedha inayopitisha umeme, iache ikauke, upime tena. Kama usomaji umeshuka mara mia, utando ulikuwa mzima.

Kama haujashuka, kwaruza uso kwa msasa laini wa namba 1000, mara mbili tatu tu, upime palepale. Ukinzani ukianguka ghafla, kuna ngozi ya polima tupu juu ya nanotyubu. Ngozi hiyo haiharibu kinga ya utando wenyewe, maana wimbi halihitaji kugusa kitu ili lipite au lizuiwe. Itakusumbua siku ya kuunganisha utando na kisanduku, kwa hiyo ikumbuke.

Ikiwa bado hakuna kitu, huenda uko chini ya kizingiti cha perkolesheni: kiasi cha kijazo ambacho chini yake chembe hazijashikana kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa watu hupotezwa na asilimia za uzito. Kinachounganisha njia ni ujazo. Asilimia 10 kwa uzito ya nanotyubu ndani ya TPU ni karibu asilimia 6.5 kwa ujazo, na kwa chembe ndefu nyembamba hiyo ni mbali juu ya kizingiti. Asilimia 10 kwa uzito ya unga wa fedha, wenye msongamano wa 10.5, ni asilimia 1.25 tu kwa ujazo. Chembe za mviringo zilizotawanyika ovyo huhitaji takriban asilimia 16 kwa ujazo, na kwa fedha hiyo ni zaidi ya asilimia 60 kwa uzito. Basi aliyebadilisha nanotyubu kwa unga wa fedha gramu kwa gramu asishangae utando wake ukiwa kihami.

Tengeneza ngazi ya tando ndogo za asilimia 0.5, 1, 2, 3, 5 na 8 za nanotyubu. Kama zote zimelala kwenye megaomu hadi 5, na nanotyubu ni za kawaida, kijazo kimeharibiwa. Wahalifu ni watatu.

Wa kwanza ni ultrasoniki iliyozidi. Nguvu ileile inayotenganisha mabonge hukata nanotyubu, na nanotyubu fupi zinahitaji kuwa nyingi zaidi ili zishikane. Dalili yake inadanganya: utando unang'aa, hauna hata nukta moja, umetulia kama kioo, lakini omu ziko juu. Gawa mtawanyiko mmoja, chukua sampuli ya dakika 10, 20, 30, 60 na 90, tengeneza tando tano. Ukinzani utashuka, utafika chini, kisha utapanda. Simama pale chini. Usinakili dakika za mtu mwingine, kwa kuwa mashine, ncha na ujazo wa chombo hubadilisha nishati inayoingia.

Wa pili ni asidi. Kuchemsha nanotyubu katika asidi ya nitriki na ya salfuriki huzifanya zitawanyike kwa urahisi, ila hutoboa kuta ambazo ndizo njia ya umeme. Kwa kazi ya kinga, usifanye hivyo bila sababu nzito. Wa tatu ni sabuni: ukitumia SDS au SDBS kutawanya ndani ya maji, hubaki zimezizunguka nanotyubu kama soksi. Osha, au badilisha kiyeyusho.

Dalili: pembe moja omu 40, nyingine 400

Chukua tone la mchanganyiko kabla ya kutandaza, libane kati ya vioo viwili vya hadubini, liangalie dhidi ya mwanga. Ukiona punje kwa jicho tupu, usitandaze. Chanzo kikubwa ni mtawanyiko ulioachwa usiku kucha bila polima: nanotyubu hurudiana na kushikana upya. Utawanye na uumimine kwenye TPU siku ileile, vyote vikiwa na joto moja. Kumwaga myeyusho baridi kwa mkupuo mmoja ndani ya mtawanyiko wa moto hufanya mabonge papo hapo.

Hata hivyo, usiwe na uchu wa kufuta kila bonge. Mtawanyiko mkamilifu, ambapo kila nanotyubu imevikwa polima peke yake, hupitisha umeme vibaya kuliko ule ambao nanotyubu zimeanza kushikana kidogo kama matawi.

Kama tone ni safi lakini utando hauko sawa, pima unene kwa maikromita kwenye nukta tisa. Ukinzani ukifuata unene, kioo hakikuwa sawa au feni ya oveni inapuliza upande mmoja. Ukingo ukiwa mnene na mweusi kuliko kati, kukausha kulikuwa kwa kasi mno; shusha hadi nyuzi 60 na ufunike kwa sahani yenye upenyo mdogo.

Pima pia uso wa juu na wa chini. Tofauti kubwa ina maana kijazo kimezama kabla myeyusho haujaganda. Kwa nanotyubu ni nadra ukiwa na mnato wa kutosha. Kwa vipande vya fedha ni jambo la kila siku. Ongeza polima kwa kila mililita ya kiyeyusho, au punguza unene wa kutandaza na urudie tabaka.

Dalili: sampuli mbili za utando mmoja, kinga mbili

Kisu hulaza nanotyubu kuelekea kinakokwenda. Ukinzani kwa urefu na kwa upana hutofautiana, na bomba la kuongozea mawimbi, lile la chuma ambamo VNA hupimia sampuli, lina uga wa umeme unaoelekea upande mmoja tu, ule mfupi wa mdomo wake. Kata sampuli moja kwa urefu na moja kwa upana, uandike mshale kwenye kila kipande kabla hujaondoa utando kwenye kioo. Ukitaka usawa, tandaza tabaka ya pili kwa pembe ya nyuzi 90.

Dalili: uso mweupe au wenye kiwi, vinyweleo, malengelenge

Kiwi na vinyweleo ni kazi ya maji. DMF huvuta unyevu wa hewa, na maji yakiingia, polima huganda kabla ya wakati na kuacha matundu. Viwanda vya ngozi bandia hutumia jambo hilohilo kwa makusudi, kwa kuizamisha poliyurethani ya DMF kwenye maji. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, hasa wakati wa masika, kukausha kwa feni kwenye meza hakufai. Tumia oveni iliyokwisha kupata joto, na hewa kavu kama ipo. PVDF huumia zaidi kuliko TPU.

Malengelenge ni kinyume: uso uliganda haraka, DMF ikanaswa ndani, kisha ombwe likaivuta kwa nguvu. DMF huchemka kwa nyuzi 153, lakini kwenye ombwe huchemka mapema sana. Usifungue ombwe kamili kabla saa 12 za nyuzi 70 hazijaisha. Utando unaonata, au ambao omu zake zinabadilika siku hadi siku, bado una kiyeyusho. Upime uzito kila baada ya saa 2 za oveni mpaka tofauti iwe chini ya asilimia 0.1.

Dalili: VNA na kanuni havipatani

Fanya vipimo viwili vya udhibiti. Bila sampuli, kinga iwe 0 na ibaki hapo. Kwa kipande cha karatasi ya alumini mahali pa sampuli, usomaji uporomoke hadi sakafu ya kelele ya mashine. Alumini ikikupa 35 tu, kuna uvujaji kwenye viungo, na hakuna utando utakaoonekana bora kuliko huo uvujaji. Safisha flanji, kaza skurubu kwa mpishano, na paka gundi ya fedha kwenye kingo za sampuli ili zigusane na kuta za bomba. Mkunjo mmoja au utando uliolegea katikati unatosha kuharibu awamu ya mawimbi yanayorudi.

Mstari unaopanda na kushuka kama mawimbi ya bahari ni kalibresheni mbovu au kebo iliyosogezwa baada ya kalibresheni. Rudia.

Kuna tofauti moja isiyo kosa. Katika bomba la WR-90, la milimita 22.86 kwa 10.16, wimbi huona kizuizi kikubwa kuliko omu 377 za hewani: karibu 628 kwa gigahezi 8.2, na 444 kwa 12.4. Utando wa omu 21, ambao hewani ni desibeli 20, utasoma 24 mwanzoni mwa bendi na 21 mwishoni. Mteremko huo ni wa bomba, na utando hauna hatia. Kwa masafa ya megahezi 30 hadi gigahezi 1.5, tumia kishikio cha koaksia cha kiwango cha ASTM D4935, chenye sampuli ya kipenyo cha milimita 133 hivi, ambacho hakina tabia hii.

Dalili: matokeo yanasema "hunyonya", lakini saketi ya jirani inapata kelele

Tatizo liko kwenye usomaji wa namba. Utando wa desibeli 20 tuliouhesabu hurudisha asilimia 81 ya nguvu, hupitisha 1 na kunyonya 18. Ukigawanya kwa desibeli, kurudisha ni 7.2 na kunyonya ni 12.8, na mtu huandika kwamba kunyonya kumetawala. Desibeli za kunyonya zinahesabiwa kwenye kile kilichobaki baada ya kurudishwa. Kama unataka kujua kelele inakwenda wapi, tazama asilimia za nguvu zinazotoka kwenye usomaji wa VNA: mraba wa S11 (inayorudi), mraba wa S21 (inayopita), na kilichobaki (inayonyonywa). Kushusha asilimia 81 hiyo kunahitaji uso wenye upitishaji mdogo unaoongezeka kuelekea ndani, au povu lenye matundu.

Dalili: kinga ilikuwepo, imepungua

TPU ikivutwa kwa mara ya kwanza, omu hupanda na hazirudi zote. Mizunguko 10 hadi 20 ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko makubwa, kwa hiyo vuta au kunja utando mara hizo kabla ya kuandika namba rasmi. PEDOT:PSS hunywa maji ya hewa na kuvimba. Ongeza kiyeyusho cha DMSO asilimia 5 kwenye wino ili upitishaji upande, na kiunganishi cha GOPS asilimia 1 ili utando usiachane na kioo ukilowa. MXene ya titani (vipande vyembamba mno vya kabidi ya titani) hugeuka oksidi na rangi yake hufifia kuwa nyeupe. Wino wake ukae kwenye baridi na argoni. Fedha hufanya weusi kwa salfa.

Dalili: utando ni desibeli 30, kisanduku kizima ni 10

Angalia viungo. Ufa ni mlango, na urefu wake ndio unaohesabiwa, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Kinga ya ufa ni takriban 20 log ya urefu wa wimbi gawanya kwa mara mbili ya urefu wa ufa. Kwa gigahezi 1, wimbi lina milimita 300, na ufa wa milimita 15 unakuacha na desibeli 20. Ufa wa milimita 50 unakuacha na 9.5, hata utando uwe mzuri vipi.

Hapa ndipo ile ngozi ya polima inapodai haki yake: tando mbili zilizopishana uso kwa uso zinaweza zisigusane kabisa kwa umeme. Zikwaruze kwenye pishano, zipishane angalau milimita 10, na gundi iwe inayopitisha umeme. Gundi ya kawaida ya pande mbili ni ufa uliofichwa. Kingo zifungwe kwenye erthi ya kisanduku kwa mzunguko mzima, si kwa nukta moja.

Na kama kelele inatoka kwenye usambazaji wa umeme wa kuwasha-na-kuzima, kwenye kilohezi makumi au mamia, karibu kabisa na koili, acha utando. Huo ni uga wa sumaku wa karibu, na tabaka ya kaboni ya mikroni 90 haina cha kuufanya. Weka feraiti, au sogeza koili.